Mama Chupa na Mmea wa Vitambaa

Watu wakisikia kwamba kuna mtu mzima aliyelia kwa sababu ya mmea wa vitambaa, hucheka. Na wewe cheka tu, sikukatazi. Ila ukimaliza, nisikilize, maana mmea huo ulikula miaka kumi na saba ya maisha ya mwanamke mmoja, na aliyemnyang'anya hakuwa mwizi wa kuvunja mlango. Alikuwa mtu wa kuingia bila hodi, anakwenda moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria mwenyewe na kuuliza, leo mama umetupikia nini.

Mwanamke huyo alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari. Wanafunzi walimpachika jina la Mama Chupa, kwa kuwa kila ukimkuta ana chupa mkononi: anaosha, anakausha, anaiinua dirishani kutafuta doa. Mwanzoni jina lilimkera. Baadaye akalizoea kiasi kwamba mwalimu mkuu mpya alipomwita siku moja kwa jina lake la kwenye faili, aligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Maabara yake ilikuwa chumba kirefu mwishoni mwa jengo, kina masinki matatu, moja linavuja, meza za zege zenye vigae vyeupe, kabati moja la vioo, na hadubini moja ambayo jicho lake lilishaingia ukungu. Alikijua chumba hicho kama unavyoujua mfuko wako. Ungeweza kumfunga kitambaa machoni ukamwambia akuletee bilauri ya mililita mia mbili hamsini, akakuletea.

Shule aliachia kidato cha nne. Baba yake aliugua, yeye ndiye mtoto wa kwanza, na habari ya masomo ikaishia hapo. Hakuwa mtu wa kulilia mambo hayo. Ulimi wake ulikuwa mkali, ukivunja kitu hakupigi wala hakusemi kwa mwalimu, atakukazia macho na kukuuliza ulikuwa unawaza nini, na ole wako ujibu kwamba hukuwa unawaza. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole wa kuongea na saa kuliko anavyoongea na watu. Watoto wao wawili wa kiume walishaanza maisha yao.

Sasa mmea. Muhula mmoja mwalimu wa baiolojia aliondoka ghafla, na mwalimu mkuu wa wakati huo akamwambia Mama Chupa awakalishe tu wale wa kidato cha pili, wasipige kelele. Awakalishe, kama vile ni mizigo! Yeye akawaambia wachore ua na sehemu zake. Watoto arobaini wakachora ua lilelile la kwenye kitabu, petali kwa petali. Na kitabu kile kilikuwa na doa la wino karibu na shina, kosa la kiwandani. Basi nusu ya darasa walichora na doa. Mmoja, tena yule wa kushika namba ya kwanza, akaliwekea doa mshale na kuandika pembeni: mzizi mdogo.

Mama Chupa alikwenda nyumbani amefura. Hawa watoto hawajifunzi, alimwambia mumewe, hawa wananakili. Ukiwaletea ua la kwenye kitabu watalikariri, ukiwaletea la bustanini watakimbilia kitabuni kutafuta linafanana na lipi. Dawa ni kuwapa ua ambalo halipo. Mumewe akamwuliza ua ambalo halipo atalitoa wapi. Akajibiwa: kwenye koti lako la zamani.

Kweli, Jumamosi nzima alishona. Shina lilikuwa nyaya za mwavuli uliokufa. Petali nne zilitoka kwenye bitana ya koti, ile ya rangi ya zambarau inayong'aa. Stameni zilikuwa vijiti vyenye vifungo vya shati nchani, na chavua ilikuwa unga wa chaki ya njano. Akausimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyojaa mchanga. Alipomaliza akaona kosa: petali moja ameishona kinyume, imegeukia nyuma peke yake huku nyingine tatu zinaangalia mbele. Bitana imekwisha. Akasonya, akauacha hivyohivyo.

Jumatatu akauweka mezani na kuwaambia: huu mmea haumo kwenye kitabu chochote, hakuna mtu duniani anayeujua, mniambie nyinyi unaishi wapi na unaishije. Wanatazamana. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alikuwa mfupi, anaandika herufi ndogondogo kama chungu mchwa, na wenzake walimwita Nukta. Akauliza mbona ile petali imegeuka. Mama Chupa, badala ya kukiri kwamba uzi ulimchanganya, akamrudishia swali: wewe unadhani kwa nini? Nukta akafikiri sana, akasema labda huko unakoota kuna upepo wa upande mmoja usiokoma, na petali ile inaupa upepo mgongo ili chavua isipeperushwe.

Nakuambia, Mama Chupa alisisimka mwili mzima. Kosa la sindano limezaa upepo! Na upepo ukazaa bonde lenye mdomo upande mmoja, bonde likazaa ardhi ya chumvi, na ua likapewa jina la mchelewa kwa sababu hufunguka mchana, baada ya maua mengine yote kufunga. Tangu hapo kila kidato cha pili kiliruhusiwa kuuongezea mchelewa kitu kimoja kwa mwaka. Sharti lilikuwa moja: ukiongeza, mmea utalipa nini? Unataka ua kubwa zaidi? Sawa, maji yatatoka wapi? Unataka harufu? Nani anaisikia? Mwaka wa tatu wakamletea mdudu wa kuuchavusha, kombamwiko mnene mvivu wa kuamka, na ikabidi wajibishane wiki mbili kwamba mvivu huyo anaishije bila kuliwa. Mwaka wa nane wakatatua habari ya chumvi: mmea unaisukuma kwenye majani ya chini, yanakuwa meupe, yanaanguka nayo. Mwalimu wa baiolojia akija akiondoka, kipindi cha mchelewa kilibaki cha Mama Chupa, Ijumaa saa nne, na watoto walioshindwa kila somo ulikuwa ukiwakuta humo wanabishana kuhusu ovari kama mawakili.

Nyongeza zote ziliandikwa kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, na chini ya kila moja jina la mwanafunzi aliyeitoa. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa mmea ulivyoanza, umepakwa rangi, na hauna jina. Fundi saa alimwambia hata yeye akifungua saa huchora kialama chake ndani ya kifuniko, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita. Mama Chupa akamcheka. Alisema mwenye kufundisha haandiki jina lake kwenye daftari la mwanafunzi, na isitoshe nani asiyejua? Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na la pekee. Ukurasa wa pili ndiyo unaanza na upepo, na chini ya upepo kuna jina la Nukta.

Nukta alimaliza shule, akaenda chuo kikuu, na baada ya miaka mingi akarudi palepale kuwa mwalimu wa baiolojia. Mama Chupa alitembea wiki nzima kidevu kikiwa juu, utadhani amemzaa. Siku ya kwanza ya kufundisha kwa vitendo mikono ya mwalimu mpya ilitetemeka, akafungulia gesi kupita kiasi, moto ukaruka mpaka darasa likapiga yowe. Mama Chupa akaifunga gesi polepole na kuwatangazia kwamba hivyo ndivyo mwalimu alivyotaka kuwaonyesha, moto usioheshimiwa hufanya nini. Nukta alimfuata baadaye nyuma ya kabati la vioo, akamkumbatia na kumwambia hatamsahau. Tangu siku hiyo akawa mtu wa nyumbani. Jumapili asipotokea, fundi saa anauliza binti yuko wapi leo.

Mambo yakaenda hivyo mpaka ulipokuja waraka. Ofisi ya elimu ilisema watunza maabara wote wasio na cheti wataondolewa maabara na kupangiwa kazi nyingine, stoo au getini. Atakayesalimika ni yule atakayeonyesha kwa maandishi, kabla ya mwisho wa mwezi, kwamba kazi yake inachangia ufundishaji. Mama Chupa aliusoma waraka huo mara tatu amesimama. Cheo hakuwahi kukitaka, na kazi yoyote angeweza. Alichotaka kilikuwa kimoja: funguo za maabara zibaki kwake, na kidato cha pili cha kila mwaka kimkute pale na mchelewa wake. Akinyang'anywa hilo, alimwambia mumewe, atakuwa amebaki na nini, chupa?

Kuandika barua za kiofisi hakukuwa fani yake. Akampelekea Nukta daftari jeusi, miaka kumi na saba yote, kwa mikono miwili. Nukta akalifungua, akacheka alipoona mwandiko wake wa utotoni. "Mama, tulia," alisema. "Hii niachie mimi."

Na mama akatulia. Mwisho wa mwezi aliuliza, akaambiwa imeshafika mahali pazuri. Wiki mbili baadaye Nukta akaja na habari kwamba wageni watatu kutoka idara ya mitaala wanakuja kuuona mmea kwa macho yao. Mama Chupa hakulala kwa furaha. Wageni watatu, kwa ajili ya barua ya mtunza maabara! Akazifumua petali, akazifua, akazitia wanga na kuzipiga pasi moja moja juu ya kanga, mpaka zikasimama wima. Akabadilisha vifungo vilivyopauka. Akayapaka majani ya chini chaki na gundi, yawe meupe vizuri. Fundi saa naye hakubaki nyuma: alikuja shuleni na begi lake la vifaa, akapanda kwenye stuli na kuifufua saa ya ukutani ya maabara iliyokuwa imekufa miaka minne, ili wageni wasione kwamba mke wake anafanya kazi kwenye chumba kisicho na saa.

Siku ilipofika, Mama Chupa alivaa gauni lake la harusi za watu na juu yake koti jeupe la maabara, limenyooshwa. Kidato cha pili kilikaa kwenye stuli. Wageni wakaingia na mwalimu mkuu, mbele yao mama mmoja mnene wa miwani ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nukta akaja na ubao mwembamba wa kusimamisha, umefunikwa karatasi. Akaifunua. Palikuwa na picha kubwa ya mchelewa, na juu yake maneno: mmea wa kufikirika kwa ajili ya kufundishia botania. Chini, umebuniwa na. Na baada ya hapo jina kamili la Nukta, na shahada yake.

Mama Chupa alisoma. Akadhani macho. Akavua miwani yake ya kusomea, akaifuta kwa pindo la koti, akasoma tena. Unajua jinsi mtu anavyojitetea mwenyewe mbele ya jambo baya? Akajiambia ni mpiga chapa amekosea. Akajiambia Nukta atasema sasa hivi, anangoja wakae. Nukta akasema. Alisema vizuri, kwa ufasaha, alisema alipokuwa mwanafunzi wa miaka kumi na minne hapohapo alipata wazo la bonde lenye upepo usiokoma, na wazo hilo halikumwacha. Hakumwangalia Mama Chupa hata kidogo. Aliwaangalia wageni, aliwaangalia watoto, aliiangalia mpaka saa ya ukutani.

Watoto wakaanza kugeuza shingo, mmoja mmoja, kumtafuta Mama Chupa alipo. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Wao walijua, na walikuwa wanangoja aseme kitu. Mwalimu mkuu naye alijua, hasemi.

Mama wa miwani akainama juu ya ndoo. Akagusa majani ya chini, akapata weupe kidoleni, akauliza haya yamepatwa na nini. Nukta akasita. Habari ya chumvi ilikuja mwaka wa nane, yeye akiwa chuoni, na kwenye daftari ilikuwa kurasa kumi na mbili za ubishi. Inaelekea hakuzisoma zote. Akasema ni ukungu, ugonjwa, wameuonyesha ili wanafunzi wajifunze kwamba mimea nayo huugua.

Loo! Mama Chupa alikuwa ameapa moyoni hatafungua mdomo. Lakini mchelewa uitwe mgonjwa, mbele ya watoto ambao wiki iliyopita wameandika ukurasa mzima kuhusu chumvi? Alijikuta keshaongea. Alisema kwamba si ugonjwa, ni chumvi ya ardhini, mmea unaipeleka kwenye majani yake makongwe ili uyatupe pamoja nayo, na ndiyo maana unachelewa kuchanua, kwa kuwa kila msimu unatumia nguvu kutengeneza majani ya kutupa. Aliongea dakika tano. Alionyesha kwa kidole, alijibu la kwanza, akajibu la pili, akatania kuhusu kombamwiko mvivu na wageni wakacheka. Kwa dakika hizo tano alisahau kabisa alichofanyiwa.

Mama wa miwani akapiga makofi. Akamgeukia Nukta na kumshika mkono. "Hongera, mwalimu. Mpaka mhudumu wako umemfundisha akaiva."

Na Nukta akasema asante.

Walipoondoka, Mama Chupa alikaa kwenye stuli katikati ya maabara tupu, mikono mapajani. Hakuosha kitu. Nukta akarudi peke yake, akafunga mlango nyuma yake. Kwanza alianza kwa kuzunguka: eti idara ilitangaza shindano la vifaa vya kufundishia, eti nafasi kama hiyo inataka mtu mwenye shahada, eti ingewasilishwa kwa jina la mtunza maabara wangeitupa kapuni bila kuisoma, na afadhali mmea uende nchi nzima kwa jina lolote kuliko ubaki kwenye ndoo. Maneno mengi ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama Chupa alimwacha amalize.

"Na barua yangu?" akauliza.

"Sikuipeleka, mama. Daftari ni lile moja. Wangeona limeletwa na watu wawili."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Jina lako halimo, mama. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa. La kwanza kabisa ni langu."

Sasa niambie wewe, mtu anajibu nini hapo? Angekuwa mgeni, angemtukana. Angekuwa adui, angekwenda ofisi kwa ofisi. Lakini huyu alikuwa kama mwanawe, mikono yake iliyotetemeka aliifichia siri, na tena alikuwa na chembe ya kweli mkononi, upepo ulikuwa wake kweli. Mama Chupa aliambiwa jambo lile na sauti ileile iliyokuwa ikimwuliza Jumapili kama chumvi imekolea. Akanyanyuka, akavua koti jeupe, akalikunja na kuliweka juu ya meza. Akamwambia sinki la tatu linavuja, aweke ndoo. Akatoka.

Fundi saa alipoambiwa hakusema nilikuambia. Alikuwa na busara hiyo. Alizima redio, akakaa karibu na mkewe mpaka chai ikapoa. Akataka kwenda kumwona mwalimu mkuu, Mama Chupa akakataa. Baadaye yeye mwenyewe alipiga moyo konde akaenda. Mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akamwagizia na soda, akamwambia sote tunajua mchango wako, ila tarehe ya waraka imepita na makaratasi ni makaratasi. Alimvika kilemba cha ukoka pale mpaka soda ikaisha. Mwezi uliofuata Mama Chupa alihamishiwa stoo.

Stoo ilikuwa chumba cha madaftari, chaki, mifagio na madawati yaliyovunjika, kina dirisha moja dogo juu. Alikipanga. Alijikaza. Wanafunzi walipokuja kuchukua chaki alikuwa akiwapa na kuwatania kama zamani, ila wakimwuliza habari za mchelewa anawaambia wakamwulize mwalimu wao. Mmea wenyewe ulikuwa umechukuliwa, ndoo na yote, ukawekwa kwenye kabati la kioo huko idarani. Nukta alipandishwa cheo, akawa anakwenda mikoani kufundisha walimu jinsi ya kufundisha kwa mmea wa kufikirika. Jumapili hakuja tena. Fundi saa aliuliza mara moja tu, kwa kusahau, binti yuko wapi leo, akashika mdomo.

Kitabu kipya cha baiolojia cha idara ya mitaala kilitoka mwaka ule. Kilikuja na gari, kwenye makatoni, na kwa kuwa vitabu vyote hupitia stoo, nani unadhani aliyafungua hayo makatoni? Aliukuta mchelewa kwenye sura ya sita, umechorwa vizuri kuliko alivyowahi kuuota, petali ya nyuma imegeuka barabara. Alisoma sura yote akiwa amekaa juu ya katoni. Upepo ulikuwepo, kombamwiko alikuwepo, chumvi ilikuwepo, na walikuwa wameirekebisha, haikuwa tena ugonjwa. Kwenye shukrani alipata nafasi: na kwa mhudumu wa maabara aliyesaidia kushona. Akakifunga, akaendelea kupanga.

Ulipita mwaka mmoja na nusu hivi kabla Nukta hajabisha hodi stooni. Ndiyo, safari hii alibisha. Alikuwa amenenepa kidogo, kavaa saa nzuri, kashika kalamu na kijitabu. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama atakaribishwa. Mama Chupa akampa stuli. Wakaulizana afya. Nukta akasema kitabu kinachapwa upya, kina sura mpya kuhusu ukame, na wahariri wamemwuliza jambo ambalo halimo kwenye daftari: mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo bondeni, mchelewa unafanyaje? Amejaribu kulijibu wiki tatu. Kila anachoongeza kinavunja kitu kingine.

Mama Chupa alimsikiliza mpaka mwisho. Swali hilo alilijua. Alikuwa ameliwaza miaka na miaka akiosha chupa, na jibu alikuwa nalo tangu mwaka wa tano. Tena alikuwa amelishona. Chini ya mchanga, ndani ya ile ndoo ya rangi, alikuwa amefukia kiazi cha soksi kilichojazwa pamba, kikubwa kama ngumi mbili, kina machipukizi saba yaliyoangalia ndani, yamelala, kila moja linaweza kungoja mvua misimu minne. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Alikuwa anangoja darasa litakalofika huko kwa akili zao, wabishane weee, kisha awaambie: haya, chimbeni. Alishawahi kuiona siku hiyo kichwani mara nyingi, mikono ya watoto ndani ya mchanga, na yule wa kwanza atakayekigusa. Sasa kiazi kilikuwa idarani ndani ya kabati la kioo, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua kipo.

"Mama," Nukta alisema, kwa sauti ya chini. "Nisaidie. Ukikosa mvua unafanyaje?"

Mama Chupa alimwangalia. Aliona yule msichana wa dawati la mbele, anangoja, macho yamemtoka. Ingekuwa rahisi. Jibu lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi.

"Unakufa," akasema.

"Unakufa tu? Wote?"

"Wote. Haubaki hata mmoja. Andika."

Na Nukta akaandika, kwa herufi zile ndogondogo, akapiga mstari chini yake. Akashukuru sana, akasema atakuja Jumapili moja kumsalimia baba. Akaondoka.

Mama Chupa alidhani ataona raha. Aliingoja ile raha, akiwa amekaa katikati ya mifagio, na haikuja. Siku ya wageni hakutoa chozi, wala siku ya kuhamishwa, wala alipofungua yale makatoni. Siku hii alilia mpaka mwanafunzi aliyekuja kuchukua chaki akarudi bila chaki, kwa sababu mmea ule ulishachukuliwa na mtu mwingine, lakini aliyeuua alikuwa yeye.